Kampuni kubwa au nibaki nilipo? Naogopa kuwa wa kwanza kupunguzwa

Mwanzi_Mkavu:
Habari wakuu. Nipo kampuni ndogo, tuko watu kama arobaini, huu mwaka wa nne. Nimepata ofa kampuni kubwa ya kimataifa, mshahara unazidi wa sasa kwa karibu theluthi. Wanataka jibu Ijumaa. Kinachoninyima usingizi ni hizi habari za kupunguza watu kila kukicha. Mgeni si ndiye anayeanza kutolewa? Niende au nibaki?

Bi_Takwimu:
Mkuu, idara gani? Mkataba wa kudumu au wa muda? Majaribio miezi mingapi? Na hapo ulipo mnaishi kwa pesa za wateja au za wawekezaji? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Kobe_Mzee:
Nenda. Kampuni kubwa hata ikikutoa, hutoki mikono mitupu. Meta, wenye Facebook, walipotoa watu 11,000 Novemba 2022, waliwalipa walioko Marekani wiki 16 za mshahara wa msingi, juu yake wiki 2 kwa kila mwaka wa utumishi. Hata aliyeingia juzi aliambulia zile 16. Hiyo ya watu arobaini ikizama, utabaki unadai mshahara wa mwezi uliopita.

Bi_Takwimu:
Wiki 16 ilikuwa hiari yao, Kobe. Sheria ya Marekani inadai notisi ya siku 60 kwa kampuni yenye wafanyakazi 100 na zaidi inapotoa watu wengi kwa mpigo, basi. Uingereza ukiwa hujatimiza miaka 2 kazini, malipo ya kisheria ya kupunguzwa huyapati. Mleta mada hata nchi hajataja.

Jiwe_la_Pembeni:
Ngoja niwasimulie yangu, jina la kampuni nalihifadhi. Usaili raundi tano. Nikaaga nilikokuwa, wakanikatia na keki. Wiki ya sita, Jumanne asubuhi, nagusisha kadi mlangoni, taa nyekundu. Nagusisha tena, nyekundu. Mlinzi ananiambia mfumo unasumbua, nikae kwenye kochi. Nikawakuta wawili. Baada ya dakika ishirini tuko kumi na moja, wengine wamesimama maana kochi limejaa. Mmoja akafungua barua pepe kwenye simu yake, akanyamaza, akampa wa pembeni asome.
Kosa sikuwa nalo. Hata tathmini yangu ya kwanza ilikuwa haijafika, wangenipima kwa lipi? Na bosi aliyeniajiri alikuwa kwenye kochi hilohilo, miaka tisa pale. Vifaa vya masikioni nilivyopewa vilikuwa bado kwenye nailoni. Kilichonimaliza ni kifungu kimoja: ndani ya majaribio, notisi wiki moja. Nilikisaini bila kukisoma.

Kobe_Mzee:
Pole sana. Lakini si umejijibu? Bosi wa miaka tisa na wewe wa wiki sita, kochi moja. Walikata idara, hawakukata wageni.

Sindano:
Inategemea uko wapi. Viwandani penye vyama vya wafanyakazi, wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka mara nyingi imeandikwa kabisa kwenye makubaliano. Ofisini ndiko wanakochagua kwa hesabu: mgeni rahisi kumtoa, mkongwe ghali kumbakiza.

Kobe_Mzee:
Sindano, kila uzi lazima ulete vyama?

Sindano:
Kila uzi mnalia mkishatolewa.

Mlango_wa_Nyuma:
Mimi ukubwa wa kampuni siuangalii, naangalia kiti. Aliyekikalia kabla yangu kaenda wapi? Kama kapanda cheo, nakaa. Kama ni nafasi mpya ya mradi ambao haujaingiza hata senti, nauliza mara mbili. Na ofa nayo hufutwa: Coinbase, wale wa soko la sarafu za kidijitali, mwaka 2022 walifuta hata ofa ambazo watu walishazikubali. Kwa hiyo keki isikatwe mapema.

Mwanzi_Mkavu:
Samahani, nilikuwa kikaoni. Mkataba wa kudumu, majaribio miezi sita. Idara ni mpya, wanaianzisha mwaka huu. Hapa nilipo, mteja mmoja analeta zaidi ya nusu ya mapato, na mkataba wake nadhani unaisha mwakani.

Bi_Takwimu:
Hilo ndilo ungeanza nalo! Unakimbia mvua huku umesimama mtoni. Kabla ya Ijumaa waombe notisi ya ndani ya majaribio iwe angalau mwezi mmoja. Wakikataa, utajua uko na watu gani.

Kobe_Mzee:
Hutajua kitu. Ile ni fomu, kampuni kubwa haiandiki upya mkataba kwa ajili ya mtu mmoja.

Sindano:
Penye chama inaandika.

Mlango_wa_Nyuma:
Haya, tumerudi kulekule.

Mwanzi_Mkavu:
Jiwe, vile vifaa walikuja kuvidai?

Jiwe_la_Pembeni:
Walinitumia boksi tupu kwa posta, na karatasi ya maelekezo. Nikarudisha laptopu. Vya masikioni havikuwemo kwenye orodha yao. Viko hapa mezani, nailoni sijaitoa.