Kurudisha ngano, mbaazi na korosho baada ya wiki nne: tuanzie wapi?

Shangani_Mtwara
Assalamu alaykum wanajukwaa. Mama ni mtu mzima, alikuwa anajaa gesi na kuharisha mara kwa mara. Vipimo vya hospitali vikatoka safi, akashauriwa apumzishe baadhi ya vyakula. Sasa wiki ya nne hajagusa ngano, maziwa, mbaazi, kunde, korosho wala vitunguu. Anakula wali, ming'oko (viazi pori vya huku kwetu) ya kuchemsha, samaki na mchicha, na nafuu ipo, ila usiku wa kufuturu tumbo bado humsumbua. Anafunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi, anafungulia tende tatu na maji ya asali na habasoda. Alhamisi iliyopita tukamwekea chapati moja, usiku tumbo likawa kama ngoma. Ngano ndiyo basi tena?

BiMikindani
Wa alaykumu s-salaam. Chapati msiihukumu bado, mwanangu. Umesema mwenyewe kwamba usiku wa kufuturu humsumbua hata kabla ya hiyo chapati. Tende na asali vyote vina sukari ambazo matumbo ya baadhi ya watu hayazinyonyi vizuri. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachua, gesi inatoka hapo. Na hapo tumbo lilikuwa tupu tangu alfajiri, likapokea vitu vinne kwa mpigo. Utajuaje kosa ni la nani?

Kwanza afungulie maji na tende moja, asali na habasoda viwekwe kando wiki mbili. Usiku ukitulia, mmempata mmoja wa wezi.

Kisha funga yenyewe inawapa ratiba. Siku za kujaribu ziwe Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, chakula kimoja tu, mchana, si usiku. Ijumaa kiasi kidogo, Jumamosi mara mbili yake, Jumapili kiasi cha kawaida. Jumatatu hadi Alhamisi anarudi kwenye wali na ming'oko yake, hata kama hakikumdhuru, kwa sababu mengine hujitokeza siku ya pili au ya tatu. Akisumbuka Ijumaa, mnasimama hapo hapo, hakuna kuongeza ili "kuhakikisha".

Chapati: nusu, moja, mbili. Iwe ya unga, maji, chumvi na mafuta basi. Maziwa: robo kikombe, nusu, kikombe kizima. Akisumbuliwa na maziwa, wiki nyingine ajaribu mtindi, maana kuchacha hupunguza ile sukari ya maziwa.

Mpishi wa Lindi
Niongezee kwenye mbaazi, maana wengi huzijaribu vibaya. Mtu anachukua mbaazi za nazi na mandazi ya asubuhi, tumbo likivuruga anasema mbaazi. Humo kuna mbaazi, tui, kitunguu, ngano ya mandazi, pengine na maziwa.

Za kujaribia zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zioshwe. Zichemke dakika kumi, maji hayo nayo yamwagwe, ndipo uweke mapya na kuziivisha mpaka punje ikibanywa kwa vidole inapondeka bila kiini kigumu. Sukari zinazoleta gesi huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana kuyamwaga kunasaidia. Chumvi tu, bila tui. Vijiko viwili vya chakula, kisha robo kikombe, kisha nusu. Kunde na choroko fuateni njia hiyo hiyo, kila moja na wiki yake.

Kitunguu kiwe cha mwisho. Kabla ya hapo akitaka harufu yake, kaangeni vipande vikubwa kwenye mafuta, vitoeni vyote *kabla* ya kutia maji au nyanya. Kinachosumbua hakiyeyuki kwenye mafuta, lakini mkishatia maji kimeshaingia kwenye mchuzi.

Na samaki msimwamini tu kwa kuwa yumo kwenye orodha salama. Kibua au jodari aliyekaa juani bila barafu humfanya mtu awe mwekundu usoni, awashwe, kichwa kigonge ndani ya saa moja hivi. Watu huita aleji. Ni sumu iliyojijenga kwenye nyama, na kupika hakuiondoi.

Korosho_Newala
Korosho ina mambo mawili tofauti. Ikimletea gesi tu, jaribuni punje tatu, sita, kumi na mbili, zilizobanguliwa na kukaangwa vizuri. Lakini kama aliwahi kuvimba midomo, kuota vipele mwili mzima au koo kubana baada ya kula korosho, hakuna kujaribu nyumbani hata punje moja. Hiyo ni kazi ya hospitali. Mikono kuungua wakati wa kubangua ni jambo jingine, ni mafuta ya ganda.

Mwanafunzi wa Chuno
Kwani akisoma dua na kula kwa imani haitoshi? Madaftari na vijiko vya nini?

BiMikindani
Dua asome, na bismillahi asiache. Daftari ni la kukumbuka alichokula, kiasi gani, saa ngapi, na tumbo lilisemaje. Imani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye hata Ramadhani, sembuse sunna. Akianza kuharisha, asifunge mpaka akae sawa. Akiona damu chooni, akipungua uzito au akiamshwa usiku na maumivu, mrudisheni hospitali, majaribio yasimame.

Shangani_Mtwara
Shukran sana. Sasa Jumamosi hii kuna arusi ya jirani, kutakuwa na pilau. Tuanze Ijumaa hii na chapati?

BiMikindani
Hapana. Pilau lina kitunguu na kitunguu saumu tele, litawaharibia hesabu. Ale nyumbani kwanza, arusini anywe soda yake akae na wenzake. Tende moja anzeni nayo Jumatatu, chapati isubiri Ijumaa ya baada ya wiki mbili za kuacha asali.