Mjadala: Aliyepigana Kagera ana nafasi gani kwenye filamu zetu?

MLETA MADA, TEMEKE
Wadau, prodyuza yeyote wa Dar anayetengeneza filamu ya vita awe na askari mstaafu lokesheni, na amlipe vizuri kama anavyomlipa mpiga picha.

Baba yangu mdogo alipigana Kagera, ile vita yetu na Uganda ya Idi Amin. Juzi tumetazama naye filamu moja ya hapa nyumbani. Jamaa kashika bunduki ya SMG, kidole kwenye traiga, kasimama peupe anamfokea mwenzake. Baba mdogo akasema, "Huyo keshakufa." Akashuka sakafuni, akanionyesha: viwiko ardhini, kidole nje ya traiga, macho chini kutafuta bomu la kutegwa.

Mwigizaji Lee Marvin alijeruhiwa kisiwani Saipan, bahari ya Pasifiki, mwaka 1944 akiwa askari wa Marine wa Marekani. Mtazame anavyobeba bunduki kwenye filamu zake. Hakuna cha kubuni pale.

MDAU, SINZA
Mkuu, nakupinga. Mimi ni mwigizaji. Marvin alirudi kutoka vitani akasomea uigizaji kama sisi wengine. Vita peke yake haikumpa kazi.

Na mbona humtaji Audie Murphy, askari wa Marekani aliyekuja kuwa mwigizaji? Januari 1945, pale Holtzwihr, Ufaransa, akiwa na miaka 19, alipanda juu ya gari la kivita linalowaka moto akawazuia Wajerumani kwa bunduki ya rashasha. Mwaka 1955 akaigiza maisha yake mwenyewe, watu wakajaa kumbi za sinema. Huyo huyo hakuwa akilala bila bastola chini ya mto. Leo unataka mzee wetu arudishiwe milio ya risasi ili sisi tupate burudani?

MDAU, MBAGALA
Wanangu, mimi nilikuwa mgambo, nikachukuliwa vitani mwishoni mwa 1978. Mnabishana juu yetu na hakuna aliyetuuliza. Tangu Kampala ianguke, tarehe 11 Aprili 1979, yako mambo sijamwambia hata mke wangu, na kwenye filamu sitayasema. Lakini namna ya kuvuka mto usiku bila kelele naweza kumfundisha kijana yeyote, hata kesho. Sisi wenyewe tunapungua.

MLETA MADA
Shikamoo mzee. Sijasema waigize, nasema wafundishe. Mmarekani Dale Dye alipigana Vietnam, kisha akawapeleka waigizaji wa Platoon, filamu ya vita hiyo, msituni Ufilipino, wakachimba mahandaki na kulala humo kabla kamera haijawashwa. Hapa kwetu kijana anakabidhiwa gwanda asubuhi, mchana anapigwa picha.

MDAU, SINZA
Shikamoo mzee, na mimi pia. Lakini mkuu, filamu zetu zinamalizwa kwa siku chache, na waigizaji wenyewe wanadaiwa nauli. Hiyo hela ya mzee itatoka wapi? Prodyuza atampa soda na asante, kisha ataandika jina lake mwishoni mwa filamu.

Mimi naunga mkono kwa masharti mawili: alipwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na akisema "hapa basi", kamera izimwe bila kuulizwa sababu. Mtayarishaji gani humu yuko tayari kusaini?