Stimu ya bangi au saikosisi: mnatofautishaje?

Kichuguu
Wakuu, kijana wa miaka 18 hadi 25 anayevuta kila siku akianza kudai kuna watu wanamfuatilia, mtu ajuaje kama ni stimu tu au ni saikosisi, yaani akili kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo au kushikilia imani zisizo za kweli? Na kipimo cha mkojo kinasaidia? Naona kila mtu anakimbilia hicho.

Mlinzi wa Zamu
Anza na saa, mkojo baadaye. Aliyevuta, stimu hupanda ndani ya dakika chache na mara nyingi huwa imeshuka baada ya saa mbili hadi nne. Aliyeila huanza kuisikia baada ya nusu saa hadi saa mbili, na inaweza kumkalia saa nane au zaidi. Ndiyo maana wengi huongeza kipande cha pili wakidhani cha kwanza ni feki. Woga na kushuku watu vikipanda na kushuka na stimu, huyo alilewa. Siku ya pili au ya tatu hajavuta, bado anasikia sauti, hapati usingizi, na umweleze vipi hatikisiki? Apelekwe kwa daktari wa akili.

Mkojo hauamui hilo. Mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa na bangi hata siku 30 baada ya kuacha, na zile kemikali za maabara zinazopuliziwa majani makavu (bangi bandia) vipimo vya kawaida havizioni.

Bi Shuwari
Kuna pia kigezo cha mwezi mmoja. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi hivi tangu aache, madaktari huanza kufikiria ugonjwa unaojitegemea, kama skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu wenye saikosisi. Tatizo, watu hukigeuza ruhusa ya kungoja mwezi mzima nyumbani! Mwezi ule ni wa kuupa ugonjwa jina, dawa haiusubiri. Na akipona upesi msimwache: uchambuzi wa tafiti uliotoka 2020 ulikuta takriban 34% ya waliopata saikosisi ya bangi walikuja kuwa na skizofrenia.

Kichuguu
Kwa hiyo bangi ndiyo chanzo, au ugonjwa ulikuwa umejificha?

Mlinzi wa Zamu
Wataalamu bado wanabishana, na wavutaji wengi hawapati saikosisi. Hatari hupanda kwa aliyeanza akiwa mdogo, anayevuta kila siku, mwenye ndugu wa damu aliyeugua, na kwa bangi yenye THC (kemikali inayolevya) nyingi. Utafiti wa 2019 wa Ulaya na Brazili ulikuta wanaovuta kila siku yenye THC 10% au zaidi wana uwezekano karibu mara 5 ya wasiovuta kabisa.

Dawa na Dozi
Mnasahau moshi. Moshi wa sigara au wa bangi huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja olanzapini na klozapini, dawa za saikosisi. Kijana akilazwa na kukatishwa kuvuta ghafla, dozi ileile hupanda kwenye damu: usingizi mzito, na kwa klozapini hata degedege. Akitoka akarudia kuvuta, dawa inashuka na sauti zinarudi. Daktari aambiwe anavuta nini na mara ngapi. Dozi msiiguse wenyewe.

Arosto, yaani dalili za mwili kuzoea kukosa bangi, nayo huwatisha watu: hasira, kutokula, usingizi kukatika, ndoto kali. Huanza siku ya 1 hadi ya 3, hukaza wiki ya kwanza, kisha hulegea. Hayo peke yake si saikosisi kurudi, ila asipolala usiku kadhaa mfululizo kliniki ijulishwe. Sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, hakuna kuhesabu siku: hospitali saa hiyohiyo, na asiachwe peke yake.