Mvua ya mawe na bati lako: lilibonyea, lilitoboka au lilitoka salama? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi (Njombe)
Wakuu habari za jioni. Jumapili saa kumi huku kwetu mawe yameshuka kama dakika kumi hivi, mengi saizi ya gololi na machache makubwa zaidi. Dari sijapiga bado, sasa yale makelele acha tu, mtoto analia simsikii, naona mdomo tu umefunguka. Kesho yake nikapanda juu. Bati ni msauzi, lile la migongo iliyoachana, geji 30 (namba ya unene), lina miaka miwili, ukiwa chini huoni kitu mpaka jua la asubuhi lilipige kwa ubavu, ila ukipitisha kiganja unavisikia vibonyeo kabisa. Halijavuja. Sasa naezeka banda la nyuma na fundi anasema niongeze hela nichukue geji 28. Waliopigwa na mawe semeni, inasaidia au ananipiga?

Mzee wa Kenchi
Hakupigi. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, geji 30 nyingi ziko mm 0.25 mpaka 0.30, 28 iko kwenye 0.35 mpaka 0.40, kwa mawe ya gololi hiyo tofauti utaiona. Halafu msauzi ile sehemu bapa kati ya mgongo na mgongo ndo inaonyesha kila kitu, bati la migongo midogo linaficha. Ila nikuulize kitu kimoja, hivyo vibonyeo ni vya mviringo au virefu? Maana mafundi wengi hawakanyagi kwenye papi (mbao zinazobeba bati), wanakatiza katikati, na soli inaacha kibonyeo kirefu, afu mawe yakija kila kitu kinasingiziwa mawe 😂

Mdau Kericho
Huku kwetu na Nandi Hills mawe ni kitu ya kawaida, ukiuliza mtu wa majani chai atakwambia, sehemu chache sana duniani zinapigwa hivi mara nyingi. Nyumba ya mzee iko na mabati ya kitambo, yale mazito, yamejaa alama kama uso wa mtu aliyeugua ndui na hayajawai vuja hata siku moja. Shida yetu ilikuwa gata. Mawe yalijaa kwa gata yakashikana, maji ya mvua ikakosa pa kupita ikarudi ndani kwa mbao, usiku siling ya sebule ikaanguka yote juu ya makochi. Mabati mazima, nyumba imelowa. Saa hii mvua ikiisha tu kijana anapanda na fagio.

Bush lawyer
Mimi Dar mawe nayaona kwenye video tu, endeleeni 🙌

Mama Kuku
Langu lilitoboka, ila nisiseme uongo, lilikuwa bati chakavu la banda la kuku, lishaliwa na kutu kwenye misumari, jiwe lilimalizia tu kazi. Kilichoniuma ni yale mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga niliyoweka jikoni, jua lilikuwa limeshayakausha yakapasuka kama biskuti, nikapika siku mbili chini ya turubai.

Kahama Original
Mnaongelea vibonyeo, sisi mkitaja mvua ya mawe tunakumbuka Mwakata, kijiji cha huku Kahama, Machi 2015. Walikufa watu zaidi ya 40. Nilifika na gari la misaada, nyumba nyingi zilikuwa za tofali za udongo, kuta zimelowa zimelala chini zimewafunika waliokuwa ndani. Kwa hiyo mkuu kama hilo banda kuta zake ni za udongo, hela ya geji 28 ipeleke kwanza kwenye msingi na lipu.

Vernia mkononi
Naongezea. Ukienda dukani nenda na kipimo. Mimi niliuziwa "28", nikapima mm 0.28, yaani ni geji 30 yenye cheti cha kuzaliwa feki. Muuzaji akaanza kuniambia eti rangi inapunguza unene. Rangi inapunguza!! Nikarudisha mzigo wote.

Mwenye uzi (Njombe)
Asanteni sana, na pole zenu wa Kahama. Kuta ni za tofali za kuchoma, hapo niko salama. Leo nimepanda tena na chaki nikazungushia kimoja kimoja kama alivyosema Mzee wa Kenchi. Vya mviringo 19. Virefu 4, na kimoja kati ya hivyo ukiinama unaona mistari ya soli ya kandambili. Nimempigia fundi, anasema yuko msibani atanitafuta. Mdau Kericho, hiyo gata mmeiwekea wavu au mnategemea fagio tu?