Wakuu naombeni ushauri: madai ya hataza yawe mafupi au marefu?

FundiMakorora: Habari za jioni wakuu. Mimi fundi wa kuchomelea hapa Tanga, nimebuni mashine ndogo ya kuchakata mkonge, unaifunga nyuma ya bodaboda unalifuata shamba la mkulima huko huko badala ya yeye kusubiri zamu ya korona, ile mashine kubwa ya kuchakata mkonge, mpaka majani yamkaukie. Nataka kuombea hataza (patent, haki ya mvumbuzi) pale BRELA, ofisi ya usajili, ila hiki kipengele cha madai, yaani maneno yanayosema hasa unamiliki nini, ndo kinaninyima usingizi. Nimeandika dai moja tu lakini limeshiba, mtu asipate pa kupenya: "Mashine ya kuchakata mkonge yenye ngoma ya visu vinane vya chuma, injini ya pikipiki ya cc 150, magurudumu mawili, kishikio cha jani chenye springi na bodi ya rangi ya kijani." Inatosha au niongeze? Majibu ya haraka tafadhali, kuna mtu hapa mjini simuelewielewi.

MamaVitumbua: Na kijani nayo umeivumbua wewe 😂😂

PongweBoy: Hongera bro. Babu yangu aliacha vidole viwili kwenye korona, mpaka anafariki alikuwa akihesabu hela anaishia nane. Na mkonge wenyewe wa kuletwa, 1893 yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja toka Florida ikafika hai 62 tu, hiyo hiyo ndo imejaza Tanga yote hii.

WakiliWaPembeni: Fundi umelishika kwa mkiani. Anayekuiga hana kosa mpaka awe na KILA kitu ulichotaja kwenye dai, kikikosekana kimoja ameshatoka nje. Sasa wewe kila neno unaloongeza unajipunja mwenyewe. Mwenzio ataweka visu sita, atapaka bluu, atakupita na honi anakupigia. Maelezo na michoro ni ya kumfundisha mtu mashine inavyofanya kazi, bikoni za kiwanja ni madai. Ila na kupanua nako kuna mwisho, ukiandika "mashine ya kuchakata mkonge" ukaishia hapo umevamia kiwanja cha korona za tangu enzi za mkoloni, mkaguzi anakutoa. Hebu sema, kipya hapo ni kipi hasa?

FundiMakorora: Kishikio. Hizi ndogo za kawaida unashika jani kwa mkono, unaingiza nusu, unavuta, unageuza unaingiza nusu ya pili, ukisinzia tu ngoma inakuvuta na wewe. Yangu jani linabanwa na taya mbili za springi, ukikanyaga pedeli taya zinageuka zenyewe, mkono uko mbali. Ila visu vinane sivitoi mkuu, nilijaribu sita, singa (nyuzi za mkonge) zikatoka na nyama ya jani.

WakiliWaPembeni: Basi dai la 1 libebe taya, springi na pedeli. Halafu dai la 2: "Mashine kama ilivyo katika dai la 1, ambapo ngoma ina visu vinane." La 1 likianguka, la 2 bado linaweza kusimama. Na chunga hata viunganishi. Marekani 2004 kuna jamaa walishindwa kesi ya unga uliokandwa wa kuoka, dai lao lilisema unga upashwe moto HADI nyuzi 400 mpaka 850 za Farenhaiti, wao walimaanisha joto la oveni. Mahakama ikasema tunasoma kilichoandikwa, hata kama unga utaungua. Oveni ya mpinzani ilifika huko, unga wake haukufika, akaponea hapo.

MamaVitumbua: Nyuzi 400 ndani ya unga? Hiyo si andazi tena, mkaa huo.

kisu_butu: Fundi, huyo usiyemuelewa ni nani na amejuaje habari za mashine?

FundiMakorora: Ana gereji upande wa Ngamiani. Aliona video.

kisu_butu: Video ipi tena?

FundiMakorora: Niliirusha TikTok mwezi wa tatu. Na kuna mbili nimeshauza Muheza. Lakini video ilikuwa jioni, kishikio hakionekani vizuri.

WakiliWaPembeni: Ndo unasema saa hizi!! Hilo ni kubwa kuliko madai yote. Hataza inataka kitu ambacho bado hakijawa hadharani. Marekani wanakuachia mwaka mmoja tangu ukionyeshe mwenyewe, Ulaya ukishaanika karibu umekwisha. Na hizo mbili ulizouza hazina giza, mtu anashika spana anafungua anasoma. Nenda BRELA na tarehe zako zote, usifiche hata moja.

FundiMakorora: Mkuu mimi nimeshamlipa kijana wa steshenari elfu themanini, kachapa nakala sita na jalada. Kubadilisha dai ni kuanza upya. Na huyo wa Ngamiani ana mdomo tu, welding hajui.

Mswahili_wa_Bandarini: Wakuu mnapigwa chai. Hakuna picha, hakuna video, na mwezi jana huyu huyu aliomba ushauri wa kufuga samaki akajiita mwalimu wa Bagamoyo. Fundi gani anasema "kipengele"?

FundiMakorora: Mwalimu ni shemeji yangu, tunatumia akaunti moja. Video nimeifuta leo mchana baada ya kuona mnaiulizia.

Mswahili_wa_Bandarini: Swali la video limeulizwa saa mbili usiku 🤣🤣

PongweBoy: Nimevuta kiti.

Binti_Muheza: Jamani mashine ipo, msimuonee bure. Moja iko kwa jirani yetu, ya kijani kweli, na ile pedeli inageuza. Ila ngoma ina visu saba, kimoja kiling'oka wiki ya pili wakaendelea kuitumia hivyo hivyo, singa safi tu.

kisu_butu: Kwa hiyo mashine ya fundi haimo kwenye dai la fundi 😭😭

FundiMakorora: Dada njoo inbox. Hicho kisu walikiokota?