Mjadala: Je, aspirini ya kila siku iwe kinga ya saratani kwa wazee wetu?

Mleta mada (Langoni, Lamu):
Assalaam alaykum. Barazani petu wazee wameanza kumeza aspirini ndogo kila asubuhi wakiamini inazuia saratani, nami nawaunga mkono. Mchochota (inflammation, yaani uvimbe na joto la mwili unapojikinga) ukidumu mwilini kwa miaka huzalisha prostaglandini, kemikali ya mwili ambayo ikinasa kwenye vipokezi vya seli, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, huiamuru seli igawanyike, isife kwa wakati wake, na ivute mishipa mipya ya damu ya kuilisha. Aspirini huzuia kimeng'enya kinachoitengeneza. Tunangoja nini?

Mchangiaji (Malindi):
Wa alaykum salaam. Kaka yangu, habari ya vipokezi umeieleza sawasawa. Hukumu ndiyo siikubali. Vipokezi hivyo ndivyo vinavyosaidia kufunga vidonda na kuita chembe nyeupe za damu, na seli ya saratani huviteka tu ili ikue na kuhamia viungo vingine, kwa hiyo anayeviziba huziba na kinga. Mwaka 2017 jaribio la CANTOS, la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shtuko la moyo, lilitumia dawa inayozuia intalukini-1 beta, kijumbe kingine cha mchochota, isifikie kipokezi chake: vifo vya saratani ya mapafu vilipungua, vya maambukizi vikaongezeka. Aspirini yenyewe imewafaa wenye sindromu ya Lynch, wanaorithi hatari ya saratani ya utumbo mpana, tena kwa miligramu 600; lakini jaribio la ASPREE, lililotangazwa mwaka 2018 kuhusu wazee 19,114 wenye afya wa Australia na Marekani, lilikuta vifo vya saratani vingi zaidi kwa waliomeza aspirini. Wazee wa barazani ni wa kundi lipi kama si hilo?

Tena kuna dengue, ambayo pwani yetu inaijua: mgonjwa wake akimeza aspirini, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Kama ni mchochota, tuanze na kichocho, ambacho mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchochea kwa miaka, hata baadhi ya watu wakapata saratani. Prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, huondoa chanzo chenyewe.

Mleta mada:
Dada, la dengue sikulipima, na nitawaambia wazee leo baada ya Alasiri. Lakini kichocho ni cha mito na mabwawa. Mzee wa Langoni aliyevuta sigara miaka 40 utampa prazikwanteli ya nini?

Mchangiaji (Malindi):
Huyo moshi ndio unaoamsha mchochota mapafuni mwake kila siku, basi aanze kwa kuacha sigara, na aspirini aiache kwa daktari anayejua kama moyo wake unaihitaji.