Zero SR/F kwenye barabara kuu: je, kilomita 259 ni za kweli?

Mwendapole (swali):
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Houston, na nimepata pikipiki ya umeme, Zero SR/F ya mwaka 2020 iliyotumika, ambayo karatasi ya mtengenezaji inasema inakwenda kilomita 259 kwa chaji moja. Kazini kwangu ni kilomita 55, karibu zote za barabara kuu, hivyo nimepiga hesabu kwamba nitachaji mara moja kila baada ya siku mbili. Je, ninajidanganya?

Fundi wa Jioni:
Ndugu, unajidanganya, ila karatasi haikudanganyi, endelea kuisoma. Hizo 259 ni za mjini. Kwa mwendo wa kilomita 113 kwa saa bila kupunguza, mtengenezaji mwenyewe ameandika 132 tu. Betri inatajwa kuwa ya uniti (kilowati-saa) 14.4, lakini za kutegemea ni kama 12.6, na ukizigawa kwa kilomita hizo, utaona kwamba kila kilomita ya mjini inakula takriban wati-saa 49, na ya barabara kuu inakula 95. Sababu kubwa ni upepo, kwa kuwa ukiongeza mwendo mara mbili upinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na pikipiki hii haina kioo kikubwa cha mbele wala bodi ya kukukinga na upepo. Sisi tuliozoea petroli tunashangaa kwa sababu injini ya petroli hupoteza mafuta ikiunguruma kwenye foleni, ilhali mota ya umeme ikisimama hunyamaza.

Mama wa Magurudumu Mawili:
Naongeza kuhusu uendeshaji. Nguvu za farasi 110 si ajabu sana, lakini torki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutoni-mita 190 inapatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo siku ya mvua tafadhali tumia hali ya Rain, yaani mpangilio wa kuendesha kwenye mvua. Hakuna klachi wala gia. Wiki yangu ya kwanza, kila nilipokaribia taa nyekundu, mkono wa kushoto ulikuwa unakamata hewa. Mkanda badala ya mnyororo nao umeniondolea kazi ya kupaka grisi kila Jumamosi.

Mwendapole:
Nashukuru sana. Kazini kuna kituo cha kuchajia magari. Basi si kitanitosha?

Fundi wa Jioni:
Kitatosha, ikiwa ni kile cha kawaida cha umeme wa AC. Mitambo ya chaji ya kasi iliyo kando ya barabara kuu haikuhusu, kwa maana SR/F haina tundu lake. Kilomita zako 55 zitakula uniti 5 na kidogo. Kwa chaja ya ndani ya kilowati 3 zitarudi kwa muda wa kama saa mbili, na kwa ile ya kilowati 6 ni takriban nusu ya muda huo. Kabla hujalipa, mwulize muuzaji ni chaja ipi iliyofungwa, na umwombe aiunganishe mbele yako uone skrini ya pikipiki inaonyesha kilowati ngapi.